Ndugu yuko Marekani anataka kumchukua mtoto wa marehemu: soma hapa kabla hujampa mtu hela

Naandika nikiwa Ujiji, hapa Kigoma, na naandika kwa sababu wiki hii tu wamenifuata watu wawili na swali lile lile, mmoja jirani yangu mwingine katokea Kasulu kabisa. Wote wana mtoto nyumbani na wote wana ndugu Marekani ameshasema nileteeni nimlee mimi. Swali hilo nalijua vizuri maana limenihangaisha miaka mitatu. Mtoto ni wa marehemu kaka yetu mkubwa, mama yake naye alitangulia, nimemlea mimi shangazi yake, na aliyetaka kumchukua ni mdogo wetu wa kiume, yaani baba yake mdogo, yuko huko siku nyingi na ana familia yake. Nitaeleza nilichojifunza chote, vingine tulivijua mapema, vingine tumevijua tumeshachelewa, na hivyo vya kuchelewa ndo nitavikazia.

Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, hakuna mjadala, baba mdogo ni baba na mtoto anamuita baba. Uhamiaji wa Marekani haujui hicho kitu. Raia wa kule anaweza kumuombea makaratasi mke au mume, mtoto wake, mzazi wake, na ndugu yake wa kuzaliwa naye. Mtoto wa marehemu kaka hayumo, mpwa hayumo, mjukuu hayumo. Ili aingie lazima kwanza awe mtoto wake kisheria, na hapo ndo linakuja neno kuasili, au adopsheni kama wengi tunavyosema. Sasa kuasili kuna serikali mbili, ya kwetu inayoangalia nani apewe mtoto, na ya kwao inayoangalia nani aingie nchini kwao, na kila moja ina masharti yake, kwa hiyo mahakama ya huku ikikubali usidhani na ubalozi umekubali. Ni milango miwili yenye funguo tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kuita kikao cha ukoo, kabla ya wakili, kabla ya kuuza hata mbuzi, mpigie huyo ndugu umuulize una pasipoti ya nchi gani. Alafu chukua karatasi uandike tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, uhesabu amebakiza miaka na miezi mingapi kufika 16. Sisi hatukuanza na hayo. Tulianza na shangwe.

Kwanini pasipoti. Kuna wanaoishi Marekani kwa grinikadi, yaani kibali cha kukaa kule moja kwa moja, hao bado ni Watanzania, na kuna walioapa wakawa raia wa kule. Sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, ukichukua wa kule wa huku unaondoka. Sasa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ile namba 21, inasema mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Tanzania awe ameishi hapa nchini angalau miaka 3 mfululizo, awe amekaa na huyo mtoto akimlea angalau miezi 3 chini ya macho ya ofisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, awe na ripoti ya ustawi na mamlaka za kule anakoishi kwamba anafaa kulea, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itauheshimu huo uasili. Tena mahakama itauliza kwanini huyo mtoto asipate familia hapa hapa nchini. Mdogo wangu alipoisoma hiyo kwenye simu alinyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kazaliwa Ujiji, kasoma Ujiji, kaburi la baba yetu liko Ujiji, lakini kwa sheria hiyo ni mgeni. Miaka 3 mfululizo maana yake aache kazi, atafute kibali cha ukaazi aje akae huku. Wapo wanaoweza, kama mtu anakuja kufungua biashara au kufanya kazi na shirika kwa mkataba mrefu, kwake inawezekana kabisa. Anayekuja likizo ya wiki tatu na masanduku ya zawadi haiwezekani, na mtu akikwambia inawezekana kamuulize inawezekanaje, akuoneshe maandishi.

Mwenye grinikadi upande wa huku ni nafuu, anaomba kama Mtanzania. Lakini shida inamsubiri kule, kwa sababu njia ya Marekani ya kumleta yatima aliyeasiliwa nje, ya fomu I-600A (ya kumchunguza mzazi kama anafaa) na I-600 (ya mtoto mwenyewe), ni ya raia wa Marekani peke yao. Mwenye grinikadi haimhusu. Yaani huku wanamtaka Mtanzania, kule wanamtaka Mmarekani, na ndugu zetu wengi wameangukia katikati hapo. Hili ndo jambo lenyewe ambalo hakuna aliyetwambia, na ndo limetula miaka.

Anachobaki nacho mwenye grinikadi ni fomu I-130, ile ya kumuombea mtoto wako. Mtoto awe ameasiliwa kabla hajatimiza miaka 16, alafu mzazi aliyemuasili awe na haki ya kumlea kisheria kwa miaka 2, na awe ameishi naye kweli kweli miaka 2. Kuishi naye sio kumtumia hela kila mwezi wala kuongea naye video kila jumapili, ni kukaa naye nyumba moja wewe ndiye mzazi. Kama mtoto bado analala kwa mama yake mzazi na wewe umo humo humo, utatakiwa uoneshe nani hasa alikuwa anaamua mambo ya huyo mtoto. Na mwenye grinikadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kuipoteza hiyo grinikadi, kibali chenyewe kinaombwa akiwa bado kule, kwa fomu I-131, na mwisho wake ni miaka 2. Kwa hiyo mpango wa miaka miwili Kigoma unawezekana lakini unapangwa kabla ya kupanda ndege sio baada. Raia wa Marekani pia anaweza kuitumia hiyo I-130, na akikaa huku miaka yake 3 akiishi na mtoto na ana haki ya kumlea kisheria, anakuwa anaifikia na hiyo miaka 2.

Tuje kwenye umri. Njia ya yatima, fomu I-600 iwe imepelekwa kabla mtoto hajafika miaka 16. Njia ya I-130, uasili wenyewe uwe umekamilika kabla ya 16. Kuna nafasi mpaka 18 kama ni ndugu wa damu wa mtoto mwingine ambaye mzazi huyo huyo kamuasili kwa umri unaotakiwa, ndo maana mkiwa na watoto wawili wa marehemu msianze na mkubwa mkamuacha mdogo eti atafuata. Wa kwetu alikuwa na miaka 13 tulipoanza. Mtu unaona tuna muda tele. Mwaka wa kwanza uliishia kwenye cheti cha kuzaliwa, wa pili ukaishia kwa mtu aliyekula hela zetu, nitamueleza hapo chini, wa tatu ndo tukakutana na wakili aliyetufungulia sheria tukasoma wenyewe. Akafikisha 16 mwezi wa nne, wakati wa masika, siku hiyo nilimpikia wali na kuku na sikumwambia kitu.

Alafu kuna hili neno yatima, ambalo Marekani wana maana yao. Mtoto aliyefiwa na baba na mama hana tatizo, vyeti viwili vya vifo vinatosha kusema. Aliyebaki na mzazi mmoja anaweza kuingia ikiwa huyo mzazi hana uwezo wa kumtunza kwa hali ya kawaida ya huku kwetu, na ametoa ridhaa kwa maandishi ya kumuachia moja kwa moja aasiliwe na ahame, ridhaa isiyo na masharti wala kurudi nyuma. Ila wazazi wote wawili wakiwa hai na wamekubaliana tu na kaka yao kwamba mchukue huyu ukamsomeshe, huyo sio yatima kwao. Wameandika wazi kwenye kanuni zao kwamba mzazi kumtoa mtoto kwa ajili ya mtu fulani aliyemchagua haihesabiki kuwa kamtelekeza. Na kwetu si ndo tunavyofanya siku zote, mtoto anapelekwa kwa mjomba, kwa bibi, kwa shangazi? Yule wa Kasulu kesi yake ni hiyo, baba yupo mama yupo, maisha tu magumu. Ilibidi nimwambie ukweli kwamba njia ya yatima kwake haipo, na iliniuma kumwambia maana alikuja na nauli ya kukopa.

Upande wa kule ndugu yako naye ana kazi. Kama hajaoa au hajaolewa awe na miaka 25 wakati wa kupeleka I-600, kama ana ndoa mwenzake anaasili pamoja naye. Anachunguzwa nyumba yake, kipato chake, afya, alama za vidole, na kila mtu mzima anayeishi humo ndani. Na tangu Julai 2014 kesi za yatima lazima zisimamiwe na wakala wa mambo ya kuasili aliyeidhinishwa rasmi, hata kama mtoto ni wa damu yako. Mdogo wangu alibisha sana kwenye hilo, anasema mtoto wa kaka yangu wakala wa nini. Wakala ni lazima, apangiwe hela yake mapema.

Sasa makaratasi ya huku, na hapa naomba utulie kabisa.

Cheti cha kuzaliwa ndo mzizi wa kila kitu. Sio kadi ya kliniki, sio cheti cha ubatizo, ni cheti cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Watoto chini ya miaka mitano kuna mpango wa kuwasajili bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mwenye mdogo asichelewe. Aliyepita umri huo anasajiliwa kwa msajili wa wilaya, na atatakiwa alete ushahidi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama ni Mkristo, karatasi za shule, barua ya mtendaji, vitambulisho vya wazazi. Hapo ndo majina yanaanza kugombana. Wa kwetu kadi ya kliniki ilikuwa imeloa mawese pembeni kule juu, jina la baba linasomeka nusu, nesi kaandika jina la utani ambalo kaka alijulikana nalo pale Kibirizi. Shuleni alipoanza darasa la kwanza kaka alishafariki, aliyempeleka ni mume wangu, mwalimu akauliza baba nani, mume wangu akataja jina lake. Hakukosea, kwetu huyo ni baba. Kwa hiyo fomu ya shule ina baba mmoja, kadi ina jina la utani, na cheti cha kifo cha kaka kina jina lake kamili. Ukizipanga hizo karatasi tatu mezani mbele ya mtu asiyetujua anaona mtoto ana baba watatu. Na mmoja wa hao baba yuko hai, yaani mtoto sio yatima!

Tulirekebisha kwa kiapo mbele ya wakili cha watu waliomjua kaka kwa majina yote mawili, barua ya mtendaji wa mtaa, na barua ya mkuu wa shule inayoeleza nani alimuandikisha na kwanini jina likawa vile. Ilichukua miezi nane kwa sababu mzee mmoja aliyetakiwa kuapa alikuwa kambi ya uvuvi huko kusini ziwani na alikuwa anapanda mjini akijisikia. Ushauri wangu, kama unamlea mtoto wa marehemu na hata huna mpango wa Marekani, nenda shuleni wiki hii uangalie fomu yake imeandikwaje. Kwenye mzazi liandikwe jina la marehemu, wewe uandikwe mlezi. Mtoto hatakuona umemkataa.

Vyeti vya vifo navyo. Watu wengi wana kibali cha mazishi wanadhani ndo cheti cha kifo. Sio. Kibali ni cha kuzikia, cheti kinatoka kwa msajili, na aliyefia nyumbani bila hospitali kujua inabidi uanze kwa mtendaji upate barua. Fanya mapema wakati mashahidi wapo hai.

Ukishamaliza hivyo ndo unakwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na huyo msimuogope wala msimkwepe, ndiye mtu muhimu kuliko wote upande wa huku. Anakuja nyumbani, anaongea na mtoto peke yake, anaongea na majirani, anaandika ripoti, na nia ya kuasili inapelekwa mpaka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mwambieni ukweli wote hata ule wa aibu, kama kuna mgogoro wa nyumba ya marehemu mwambieni, kama kuna upande wa mama haukubali mwambieni, kwa sababu akija kuusikia kwa jirani ripoti inabadilika sura. Kikao cha ukoo kifanyike na muhtasari uandikwe, na upande wa mama waitwe, wasiambiwe baadaye. Mtoto mwenye akili ya kujieleza na yeye anasikilizwa, mahakama itataka kujua anataka nini yeye mwenyewe. Binti yetu aliulizwa akasema anataka kwenda lakini anataka pia kurudi kila Idi, ofisa akacheka na akaandika.

Kesi yenyewe inasikilizwa Mahakama Kuu. Zamani watu wa Kigoma tulikuwa tunapanda treni mpaka Tabora kwa kesi za namna hii, sa hivi Mahakama Kuu ipo Kigoma hapa hapa, nauli hiyo imepona. Ila Mahakama Kuu ndo Mahakama Kuu. Huyo mtu aliyekula hela zetu alitwambia ana njia ya haraka, akachukua hela mara mbili, akatuletea karatasi ina muhuri wa mahakama, sisi tukafurahi tukaipiga picha tukamtumia mdogo wangu. Wakili alipoiona aliisoma mara moja tu akatwambia hii ni karatasi ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, inahusu mali za marehemu, haina neno hata moja la kuasili mtoto. Muhuri ulikuwa wa kweli, karatasi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa kitu tulichohitaji. Basi ukiletewa karatasi soma kichwa chake, iseme Mahakama Kuu, na iseme amri ya kuasili. Hukumu ikishatoka RITA wanaiingiza kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa na cheti kipya kinatoka na majina ya wazazi wapya. Cheti hicho pamoja na amri ya mahakama ndo vinakwenda ubalozini na uhamiaji.

Pasipoti ya mtoto inaombwa uhamiaji mkoa, fomu unajaza mtandaoni, na pasipoti hizi za kielektroniki zilizoanza 2018 zilikuja kwa shilingi 150,000. Usiombe pasipoti kwa jina la zamani wakati amri ya mahakama inampa jina jipya, utairudia yote.

Ubalozi wa Marekani uko Dar, Msasani. Tanzania haimo kwenye mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto, kwa hiyo kesi zetu zinakwenda kwa njia hii ya I-600, sio ile nyingine ya I-800 ya nchi zilizomo. Nalisema kwa sababu huku Kigoma watoto wengi asili yao ng'ambo, na Burundi imo kwenye huo mkataba, kwa hiyo mtoto ambaye makazi yake kisheria ni Burundi ana utaratibu tofauti kabisa hata kama unamlea wewe Kibondo, usikopi kesi ya mwenzio. Ubalozi wenyewe unafanya uchunguzi wake kama mtoto kweli ni yatima kwa sheria yao, wanaweza kupiga simu kwa mtendaji, kwa shule, kwa shangazi kama mimi, na majibu yasipofanana na fomu inakwama. Mtoto anapimwa afya kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, sio daktari yoyote. Akishapita, kama uasili ulikamilika hapa na mzazi alishamuona mtoto kabla ya amri au wakati kesi inaendelea, anapata viza ya IR-3 na akitua Marekani akiwa chini ya miaka 18 anaishi na mzazi wake raia, anakuwa raia hapo hapo kwa sheria yao ya uraia wa watoto ya mwaka 2000. Ikiwa bado kuna kukamilisha kule anapewa IR-4, anaingia na grinikadi na mzazi anamalizia kule, na msiache kumalizia, wapo watu walisahau mtoto akakua hana uraia. Na kabla ya kulipia chochote angalieni tovuti ya ubalozi siku hiyo hiyo, mambo ya viza yanabadilishwa kwa tangazo la rais na nchi zinaingia na kutoka kwenye orodha.

Nimeulizwa sana njia fupi, nazijibu hapa. Kumpeleka kwa viza ya matembezi alafu abaki, hapana, ni kudanganya ofisa wa viza na mtoto anaanza maisha yake akiwa amejificha. Viza ya mwanafunzi, shule ya serikali ya sekondari inaruhusiwa miezi 12 tu na mnalipa gharama yote, shule ya serikali ya chini ya sekondari hairuhusiwi kabisa, ya kulipia inaruhusiwa lakini sio kuhamia. Ndugu kajaza bahati nasibu ya grinikadi na kumuandika mtoto wa kaka kama wa kumzaa, hii ndo inafanyika sana na ndo inaumiza sana. Ubalozi unaweza kuomba kipimo cha DNA, na aliyedanganya anaweza kufungiwa kuingia Marekani maisha yake yote, yeye na njia zote za familia zikaishia hapo. Na kumvusha mtoto kwa karatasi za uongo huku kwetu kuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, unaweza kuwa na nia nzuri kabisa ukajikuta unaeleza nia yako polisi.

Kwa walio na ndugu waliotoka kambi za wakimbizi, Nyarugusu au Nduta, wakapelekwa Marekani, ile fomu yao ya kuita familia, I-730, ni ya mke au mume na watoto wao wenyewe wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, na iombwe ndani ya miaka 2 tangu wafike. Mtoto wa dada hayumo hata humo.

Mwenye ndugu Kanada amsikilize vizuri mtu anayemwambia habari hii: Kanada mkaazi wa kudumu au raia anaweza kumdhamini ndugu yake mdogo, mpwa wake, mtoto wa kaka yake au mjukuu wake ambaye baba na mama wote wamefariki, ana chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa, bila hata kumuasili. Undugu wa damu na vyeti vya vifo ndo msingi wake. Nilipoisoma hiyo nilitamani mdogo wangu angekwenda Kanada.

Mwisho kuna mambo ya kuongea nyumbani ambayo hayapo kwenye fomu. Amri ya kuasili inamkata mtoto kisheria na wazazi wa mwanzo, sio mchezo. Kwa Marekani mzazi aliyemzaa hawezi baadaye kupata viza kupitia huyo mtoto, hata mtoto akiwa raia na tajiri, kwa hiyo mama anayemtoa mtoto akiwaza atanivuta aambiwe mapema kabisa. Mirathi, kama marehemu aliacha kiwanja au shamba la michikichi, muulizeni wakili haki ya mtoto inakuwaje kabla ya kusaini, na muiweke kwenye maandishi. Na sisi Waislamu, wengi wa Ujiji, kumlea yatima ni ibada lakini kumbadilishia nasaba ni jambo jingine, kaeni na sheikh mnayemuamini kabla ya kwenda kwa wakili sio baada. Sisi tulikubaliana jina la baba yake libaki kama jina la kati, na mdogo wangu ndiye aliyelitaka hilo kuliko wote.

Binti yetu yuko kidato cha tatu hapa hapa Kigoma. Nilimwambia ukweli jioni moja tunachambua dagaa uwani, hakulia, aliuliza tu kwa hiyo baba mdogo atakuja yeye? Anakuja mwezi wa kumi na mbili. Ada analipa yeye, na mimi nimekwenda mahakama ya watoto nikapata amri ya ulezi ili nisihangaike hospitali wala shuleni.

Jirani yangu mtoto wake ana miaka 9, wazazi wote hawapo, na mjomba wake kule bado ana pasipoti ya Tanzania, ameambiwa uraia anaweza kuomba mwakani. Nimemwambia ampigie leo leo, asiape chochote kule kabla hajaongea na wakili wa huku na wa kule, wapange nini kitangulie. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote kwa msajili. Kadi ya kliniki kaitafuta jana usiku na tochi ya simu akaikuta chini ya godoro, jina la baba linasomeka lote.